Dar kwenda Mwanza na mama mzee, ndege au treni halafu basi?

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Mwezi ujao nampeleka bi mkubwa Mwanza, ana miaka 74 na magoti yanamsumbua sana, sasa kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Kwa barabara kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga ni kama kilomita 1,150, hapo ukiondoka alfajiri unafika usiku umevimba miguu, mimi mwenyewe kijana mwaka juzi nilishuka stendi ya Nyegezi pale Mwanza natembea kama bata. Kwa ndege mstari ulionyooka ni kilomita 850 hivi, saa moja na nusu umefika, ila nasikia ukipanda ile ndege ya pangaboi (ya propela) inasogea mpaka karibu saa mbili, ni kweli?

Shida ni kwamba bi mkubwa hajawahi kupanda ndege na anaogopa balaa, anasema yeye chuma kisichogusa ardhi hakiamini. Ndo nikawaza tupande treni ya SGR mpaka Dodoma, masaa kama matatu na nusu, tulale, kesho yake basi. Lakini bado zinabaki kilomita 700, na choo cha njiani mnakijua wenyewe.

Waliosafiri na wazee mlifanyaje? Na pale uwanjani wheelchair unaomba siku ile ile au mpaka useme wakati wa kukata tiketi? Bei za ndege nimeziona, roho imeniuma ila nitajikakamua.