Majina ya chaneli yanatokea, sauti ipo, picha hakuna

BintiMkubwa
Habari zenu wakuu. Naomba msaada, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kuniambia ninunue televisheni mpya.

Televisheni ni ya baba. Ana miaka 78, macho yanaona vizuri, miguu ndiyo imechoka, kwa hiyo hiyo ndiyo inayompa habari za dunia. King'amuzi kimo ndani yake, na boksi lake, ambalo baba amelitunza hadi leo, limeandikwa DVB-T2, yaani mfumo wa matangazo ya dijitali yanayonaswa kwa antena. Tuliichagua kwa sababu hiyo.

Tangu mitambo ya kurushia ibadilishwe wiki iliyopita, nikisaka chaneli upya majina yote 18 yanatokea. Nikifungua yoyote, sauti inasikika safi kabisa ila kioo ni cheusi. Fundi aliyekuja anasema tununue "antena ya dijitali". Baba alishatoa hela mfukoni, nikamwomba asubiri. Fundi yuko sahihi?

FundiWaMawimbi
Dada, umefanya vema kumzuia. Kazi hii nimeifanya miaka mingi na hilo neno "antena ya dijitali" huniuma, maana wazee wengi wamelipia kitu ambacho hawakukihitaji. Antena ni chuma cha kunasa mawimbi, haijui yamebeba nini. Inachojali ni masafa, na imeelekezwa wapi. Ingekuwa na kasoro, ungeona picha inaganda na kumeguka vipande vya mraba, sauti inakatikakatika, au chaneli kadhaa hazionekani kabisa. Kwako mawimbi yanafika, na televisheni inayapokea.

Kilichokwama ni hatua inayofuata. DVB-T2 ni namna ya kusafirisha data hewani tu, haisemi picha imebanwa vipi. Kuna picha zilizobanwa kwa MPEG-2, kuna MPEG-4, na sasa kuna HEVC, ambayo kwa ubora uleule huhitaji takriban nusu ya data ya MPEG-4. Televisheni ya baba inaupokea mzigo vizuri, ila picha iliyofungwa kwa HEVC haiwezi kuifungua. Sauti imebanwa kwa njia inayoijua, ndiyo maana mnaisikia.

Ujerumani walipohamia DVB-T2 tarehe 29 Machi 2017, walitumia HEVC tangu siku ya kwanza. Mwenye kifaa cha DVB-T2 kisicho na HEVC hakupata picha, ingawa boksi lake halikusema uongo.

Mnunulie king'amuzi cha nje kilichoandikwa DVB-T2 na pia HEVC (wengine huandika H.265). Kichomekwe kwa waya wa HDMI, na waya wa antena utoke kwenye televisheni uingie kwenye king'amuzi. Televisheni ibaki ileile, na antena isiguswe.

Msikilizaji_K
Kwa nini basi hawakutengeneza mfumo mpya unaoelewana na vifaa vya zamani? Marekani walipopitisha televisheni ya rangi Desemba 1953, zile za rangi nyeusi na nyeupe ziliendelea kuonyesha.

FundiWaMawimbi
Swali zuri. Pale rangi ilipachikwa juu ya mawimbi yaleyale, na televisheni ya zamani ikaipuuza tu. Kwenye dijitali faida inatoka kwenye kubadilisha hesabu yenyewe. Uingereza, mnara uliokuwa ukibeba megabiti 24 kwa sekunde kwa DVB-T, mfumo uliotangulia, ulibeba 40 kwa DVB-T2, ndani ya upana uleule wa masafa. Huwezi kupata hayo huku kifaa cha zamani kikiendelea kuelewa. Tena masafa yanayookolewa hupewa mitandao ya simu, na kwa serikali nyingi hilo ndilo linalosukuma mambo.

Njia ya kuwaonea watu huruma ni kurusha mifumo yote miwili kwa muda. Marekani, tangu ATSC 3.0, mfumo wao mpya wa dijitali, iruhusiwe Novemba 2017, vituo vinaazimana minara: mmoja unarusha mpya kwa niaba ya wenzake, mwingine unabaki na ya zamani. Mimi naona huo ndio utaratibu wa kiungwana, ingawa huko pia baadhi ya vituo vimefunga matangazo ya mfumo mpya kwa msimbo, na watu wenye vifaa visivyotambulika wanabaki nje.

BintiMkubwa
Asanteni sana. Hofu yangu sasa ni rimoti mbili. Baba atachanganyikiwa.

Nyaya3
Dada, tafuta kwenye mpangilio wa televisheni kipengele cha HDMI-CEC, kiwashe, na kwenye king'amuzi kama kipo kiwashe pia. Vikielewana, kuwasha na kuzima kunafuatana. Rimoti nyingi za ving'amuzi zinaweza kufundishwa kitufe cha sauti cha televisheni. Baba abaki na hiyo moja.

BintiMkubwa
Nimerudi kuwapa majibu. Nilimwomba muuzaji akiwashe king'amuzi mbele yangu, nikaona picha kwanza ndipo nikalipa. Nyumbani zimeingia 18 zote. CEC imekataa, ila kitufe cha sauti kimekubali. Nimezipanga upya chaneli za baba zikae 1 hadi 5 kama alivyozizoea, na ile rimoti ya zamani nimeiweka kabatini.