Rafiki wa kwenye Pokémon GO kajuaje ninapokaa?

nyotabaridi:
Jamani naombeni msaada maana nimeganda. Hili gemu la simu la kuzunguka mitaani kukamata Pokémon nacheza na jina la uongo, picha sijaweka, alafu juzi kuna mtu nilimuongeza urafiki kwa namba yake ya mchezaji tu, hatujawahi kuonana, kaniandikia kwenye grupu la raid (la kupanga mapambano ya pamoja) eti "we si unakaa karibu na ile maktaba". Sijawahi kumwambia mtu!! Nimedukuliwa au gemu lenyewe linavujisha lokesheni?

mzee_wa_raid:
Hakuna aliyekudukua bana, umemwambia mwenyewe kila siku. Zile zawadi unazomtumia zinaenda na picha na jina la PokéStop (kituo cha gemu kilichowekwa sehemu halisi mtaani) ulipoziokota, sasa kama kila asubuhi unazungusha ile ile ya mlangoni kwako, zikimfikia kumi tu hahitaji uchawi. Na jimu pia, vile vituo vya mapambano, ukiacha Pokémon wako pale jina lako linasomwa na yeyote anayepita. Ila hii afadhali, sisi wa Ingress, gemu jingine la ramani kama hili, ndo tuliisoma namba, ukiteka portal (kituo cha huko) inatokea kwenye ramani ya wachezaji wote na saa yake, watu walikuwa wanajua mpaka njia yako ya kazini.

kibodi_moja:
Kweli, ila msiishie kwa wachezaji wenzenu tu. 2016 gemu lilipotoka, kwenye iPhone lilikuwa linachukua ruhusa ya akaunti nzima ya Google, wakasema ni makosa wakarekebisha. 2025 Niantic waliolitengeneza wakaliuza kwa kampuni ya Scopely, ambao wenyewe wako chini ya Savvy, kampuni ya magemu ya Saudi Arabia, yaani ulijisajili kwa mmoja ukajikuta kwa mwingine. Na jina la uongo halisaidii kihivyo, kuna utafiti wa 2013 uliangalia data za simu za watu milioni 1.5, pointi nne tu za mahali na saa zilitosha kuwatofautisha 95% yao na wengine.

nyotabaridi:
Duh. Nimeshamfuta. Si ndo imeisha?

mzee_wa_raid:
Zile picha za zawadi zako alizobandika kwenye kitabu chake cha postikadi ndani ya gemu anabaki nazo, hizo sahau. Kuanzia sasa zawadi okota mbali na kwako, lokesheni ruhusu wakati unacheza tu, na Adventure Sync (inayohesabu mwendo wako hata gemu likiwa limefungwa) izime, mayai ya gemu yanayoanguliwa kwa kutembea yatachelewa kidogo ila utazoea. Na akiendelea kukufuata fuata piga skrinshoti umripoti, usijibizane naye.