Mbwa mkubwa, bado kijana: Ruai, Kilimani au Limuru?

MamaKarai (Jumatatu usiku)

Wadau, hamjambo. Mwezi wa tatu nilimwokota mbwa koko nyuma ya kibanda cha nyama choma hapa Utawala, kichwa kimezama ndani ya karai la mafuta, mbavu unazihesabu. Nikamwita Karai. Wakati huo alikuwa anang'oa meno ya utoto, ndiyo maana daktari anakadiria sasa ana miezi kumi na moja. Nilidhani atabaki mdogo. Kumbe ana damu ya German Shepherd: juzi mizani imesema kilo 31, na bado anakua.

Naishi kwenye ploti ya nyumba nane, koridoo moja. Wiki jana aliangusha kamba nzima ya nguo za jirani, akalala juu ya shuka nyeupe. Keretaka, msimamizi wa ploti, amenipa hadi mwisho wa mwezi nimtoe. Kichaa cha mbwa amechanjwa, kuhasiwa bado. Waliojitokeza ni watatu:

Mzee wa Ruai. Ploti ya hamsini kwa mia, ukuta wa mawe, banda tayari. Anataka ulinzi.

Vijana wawili wa Kilimani, mume na mke, ghorofa ya nne. Mmoja anafanyia kazi nyumbani. Hukimbia msitu wa Karura Jumamosi na Jumapili.

Mama wa Limuru. Ng'ombe watatu, kuku, watoto wawili wa shule ya msingi, ua wa kaiyaba badala ya ukuta.

Mngekuwa mimi, mngempa nani?

Fundi_wa_Geti

Ruai, bila kupepesa macho. Mbwa ni wa ua. Kumpandisha ghorofa ya nne ni kumfunga jela, tena bila kosa. Na huko Ruai wezi hawapigi hodi.

Daktari_wa_Ngombe

Mimi natibu ng'ombe zaidi, lakini kila boma lina mbwa, kwa hiyo nao huletwa. Ndugu Fundi, samahani, hapo nakupinga. Ua mkubwa haumtembezi mbwa. Mwachie nusu eka peke yake uone: atazunguka mara mbili, kisha atalala kwenye geti akikungoja wewe. Dume kijana wa kilo 31 anahitaji kutembezwa asubuhi na jioni, na pua yake ipate kazi. Mbwa wa ghorofani anayetoka mara mbili kwa siku, kila siku wala si Jumamosi na Jumapili tu, anaishi vizuri kuliko wa ploti anayefungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku. Huyo wa pili ndiye watu humsifu kuwa mkali. Mara nyingi ni woga, na mtu wa kwanza kuumwa huwa mtoto wa jirani.

Kwa hiyo dada, usiulize ua ni mkubwa kiasi gani. Uliza saa nne asubuhi siku ya Jumanne nani yuko naye.

Kuhasi: mbwa wakubwa mifupa yao hukomaa polepole, madaktari wengi hupendelea kungoja apite mwaka mmoja. Sasa ukimtoa kabla, andikeni kwenye karatasi nani atampeleka na lini. Ahadi ya mdomo huishia getini. Chanjo ya kichaa nayo ni ya kurudiwa kila mwaka, mpe atakayemchukua cheti chenyewe. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na karibu na siku hiyo mara nyingi kuna chanjo za bure, tegeni masikio.

Shangazi_wa_Kilimani

Daktari umesema kweli, ila hujaishi na keretaka wa huku. Dada, omba kuona mkataba wao wa nyumba kabla ya kumwogesha mbwa. Mimi nilimchukua mmoja, mkataba ulisema wanyama "kwa idhini". Idhini ilikuwepo mpaka jirani wa chini alipolalamika kucha zinagonga vigae usiku. Wiki mbili, mbwa nje. Na lifti ikikwama, kilo 31 utashuka nazo ngazini mara nne kwa siku?

Mpita_Njia

Mpeleke KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama kule Karen, uishe mambo. Wao wakimtoa, anatoka amehasiwa na kuchanjwa.

MamaKarai

Niliwafikiria. Lakini mbwa aliye na mahali pa kulala kwa wiki tatu zaidi namwonea aibu kumchukulia nafasi yule wa barabarani. Hawa watatu wakishindikana, ndiko nitakwenda.

Niliwahi_Kudanganywa

Enda ukawaone kwao. Narudia, KWAO. Wa kwangu nilimkabidhi kwa mtu aliyekuja na Probox, mpole, ana picha za watoto kwenye simu. Baada ya mwezi nikaona mbwa wangu anauzwa mtandaoni kama "Shepherd halisi". Asiyetaka ufike kwake, hana kwake.

MamaKarai (Jumapili usiku)

Nimezunguka kote. Sikilizeni.

Ruai mzee alinipokea vizuri, chai na mandazi. Banda ni zuri kweli. Kando yake kuna mti, na chini ya mti duara la udongo mtupu, limelainika kama sakafu ya saruji. Nyasi zinaanzia pale mnyororo ulipoishia. Mbwa wa zamani alikaa hapo miaka saba. Nilimaliza chai nikaaga.

Vijana wa Kilimani ndio walionitia majaribuni. Walimwita, akaja, wakajua pa kumkuna. Shangazi, nilifanya ulivyosema: mkataba unasema paka au mbwa mdogo. Dada wa watu akasema "tutaongea na mwenye nyumba". Nikawaambia waongee kwanza. Mpaka leo kimya.

Limuru tulipanda na rafiki mwenye pikapu, Karai akitapika kuanzia Ruaka. Mama hakumkimbilia. Alimfunga kamba, ncha nyingine akaizungusha kiunoni mwake, akaenda kukamua. Karai akavuta, akavuta, ng'ombe akageuza kichwa akamtazama, basi. Akalala kando ya ndoo. Watoto waliambiwa wasimguse mpaka yeye mwenyewe awanuse, na walitii, jambo lililonishangaza kuliko yote. Saa nne ya Jumanne mama yuko pale pale, ng'ombe hawana likizo.

Tumeandikiana: majaribio mwezi mmoja, kuhasi Desemba gharama nusu kwa nusu, akimshindwa anarudi kwangu, si kwa mtu mwingine.

Fundi_wa_Geti

Na ua wa kaiyaba? Atapenya.

MamaKarai

Miiba ile? Amejaribu mara moja, akarudi akilamba pua. Tatizo ni kuku. Kamba ilifunguliwa dakika tano tu. Jogoo mmoja wa kienyeji, shilingi elfu moja na mia mbili, nimelipa mimi. Mama akampika, tukala wote, Karai akanyimwa.

Daktari_wa_Ngombe

Vizuri alinyimwa, mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vijiti na kuchoma utumbo. Wiki za kwanza kamba ibaki kiunoni mpaka azoee kuku.