Mahakama ya juu kuja kusikiliza kesi za kweli shuleni, hii imekaaje?

ticha_uraia:
Wakuu habari za muda huu. Mimi nafundisha uraia sekondari, juzi tumeletewa barua kwamba majaji wa mahakama ya juu watakuja kukaa shuleni kwetu, watasikiliza rufaa mbili pale ukumbini na wanafunzi wanaangalia, na barua imesisitiza kabisa kwamba siyo maigizo, ni kesi za watu. Sasa stafu rumu imegawanyika, kuna wanaochekelea na kuna mmoja anasema hiyo ni siasa tu ya kupiga picha na majaji. Mimi nipo katikati. Nataka kujua kwanza kama kesi iliyosikilizwa kwenye ukumbi wa shule inahesabika kisheria au mawakili wanakuja kurudia kitu kilichokwisha kwingine. Halafu hawa watoto wangu nawajua, mahakama wanayoijua ni ile ya kwenye tamthilia, shahidi analia, wakili anagonga meza, wakikuta wazee wanaongelea vifungu si watalala? Mwenye uzoefu aje.

Jalada_Wazi:
Ticha hiyo inahesabika asilimia mia. Kinachofanya mahakama iwe mahakama ni majaji kutimia idadi inayotakiwa, karani yupo, jalada lipo, pande zote zimeitwa, hata wakikaa kwenye ukumbi wa basketiboli ni halali ilimradi sheria ya pale inawaruhusu kuhama. Na wala si kitu kipya, kule Marekani jimbo la Colorado walianza tarehe 1 Mei 1986, mahakama yao ya juu na ile ya rufaa zinakwenda kwenye shule za sekondari kusikiliza kesi zenyewe na baadaye hukumu inatoka kama kawaida. Ohio wakafuata 1987, jaji mkuu wao wakati huo Thomas Moyer ndiye aliyeanzisha, huo mpango wao unazunguka kaunti kwa kaunti. Minnesota nao wana wa kwao tangu 1995. Sasa kama ni siasa ya kupiga picha basi ni picha ndefu sana hiyo.

Ila waandae watoto kisaikolojia maana hii ni rufaa. Hakuna shahidi, hakuna kizimba, hakuna kielelezo kinachotolewa kwenye mfuko. Ushahidi ulishamalizika mahakama ya chini, kilichobaki ni ugomvi wa kisheria, kwamba jaji wa kule chini alipatia au alikosea. Mara nyingi hata mwenye kesi mwenyewe hayupo, utaona mawakili tu na majaji. Na hukumu hawatoi siku hiyo, wanaondoka nayo wanakwenda kuiandika, inaweza kuchukua miezi, kwahiyo usiwaahidi watoto kwamba watajua nani kashinda kabla ya kengele ya kutoka.

mama_wawili:
Mimi naomba nipingane na nyie kidogo. Huyo mtu ambaye rufaa yake ndiyo tumaini la mwisho, labda kafungwa miaka kadhaa, leo kesi yake inageuzwa somo la vitoto vinavyotafuna bigijii na kuchekeana? Ningekuwa mimi ndo mwenye kesi ningekasirika sana. Kwanini wasiwapeleke watoto mahakamani wakakae kimya kule wenye heshima zao?

Jalada_Wazi:
@mama_wawili hoja yako ina uzito sikatai. Ila kumbuka usikilizaji wa rufaa kwa kawaida ni wa wazi, mtu yeyote anaingia anakaa, hata hao watoto wangeweza kuingia kule. Shida ya kuwapeleka ni viti, ukumbi wa mahakama ya rufaa mara nyingi ni mdogo, unaingiza darasa moja wengine mia nne wanabaki nje kwenye basi. Na wanaokuja shuleni ndio wanaochagua waje na kesi gani. Hapo ndipo ningewabana mimi, kesi za kifamilia na za watoto wenzao waliodhalilishwa zisije kabisa. Nyumba imepekuliwa bila hati, mkataba umevunjwa, bima imegoma kulipa, hizo zinafundisha vizuri na hazimvui mtu nguo.

mama_wawili:
Hapo kidogo umenituliza. Kidogo.

kitabu_na_kalamu:
Mi nilikaa kwenye kitu kama hicho nikiwa mwanafunzi, niseme nilichokiona. Nilidhani wakili atasoma hotuba yake sisi tusinzie. Kasimama, kasema jina lake na anamwakilisha nani, kaanza sentensi ya pili tu jaji wa pembeni kamkata, "hebu ngoja, tuseme polisi angebisha hodi kwanza, jibu lako lingebadilika?" Jamaa kafunika karatasi zake zote pale pale na hakuzigusa tena. Kuanzia hapo ilikuwa maswali tu, hili linatoka kushoto lile kulia, na kwenye meza ya kuongelea kuna kitaa, kikiwa chekundu muda wako umekwisha. Kwenye mahakama nyingi za aina hii dakika ni chache mno, Ohio kwa mfano kila upande kawaida una dakika 15. Ukumbi mzima tulikuwa kimya, na sisi ndio darasa lililosifika kwa kelele.

Lakini tulikuwa tumeandaliwa, hiyo ndo siri. Walikuja mawakili wawili darasani kabla, wakatupa maelezo ya kesi kwenye kurasa mbili na swali moja la kisheria linalobishaniwa. Tukagawanywa, nusu upande wa mrufani yaani aliyekata rufaa, nusu upande wa mjibu rufaa anayempinga, tukabishana hadi kipindi cha hesabu kikaliwa. Siku yenyewe jaji akiuliza swali tunanong'onezana "hilo tuliuliza sisi". Darasa la jirani ambao mwalimu wao hakuwapa kitu walitoka wanasema haikueleweka, na siwalaumu.

ticha_uraia:
Asanteni sana, @kitabu_na_kalamu hiyo ya kugawa darasa nimeiba tayari. Sasa kama karatasi za kesi zikichelewa kufika nifanye nini, niwazoeshe na nini?

Jalada_Wazi:
Tumia Tinker dhidi ya Des Moines, ni ya wanafunzi wenzao kabisa. Desemba 1965 watoto wa shule walivaa vitambaa vyeusi mkononi kupinga vita vya Vietnam, wakasimamishwa masomo, mmoja wao Mary Beth Tinker alikuwa na miaka 13. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na 1969 wakashinda kura 7 kwa 2. Utamu wake ni kwamba mahakama ile inarekodi sauti za mabishano tangu 1955 kwahiyo ya Tinker ipo mtandaoni, wasikilizishe dakika kumi tu, simamisha kila jaji anapouliza, waulize wao wangejibu nini kabla hujaendelea. Na wape pia hoja za wale wawili waliopinga, wasidhani ilikuwa rahisi.

Kitu kingine, majaji wakimaliza huwa kuna kipindi cha wanafunzi kuuliza maswali. Waambie mapema kesi iliyotoka kusikilizwa hairuhusiwi kuguswa, jaji hawezi kuizungumzia kabla hajaiamua. Mawakili wenyewe pengine watabaki kuongea nao, wale ndio wa kuwauliza kwanini ulijibu vile. Jaji muulize alifikaje pale, au huwa anafanyaje akibaki peke yake upande wa wachache. Hayo wanajibu vizuri tu.

ticha_uraia:
Sawa mkuu. Mkuu wa shule anataka kwaya iimbe kabla majaji hawajakaa, nimemwambia nitauliza kwanza.

kitabu_na_kalamu:
Kwaya iimbe wakati wa chakula ticha 😂 karani wao atakuja siku moja kabla kuangalia ukumbi, muulize yeye.