Tupeane uzoefu: siku ulipoihitaji bakapu (nakala ya akiba ya mafaili yako), ulikuta nini?

MtunzaVitabu:
Wakuu, habari za kazi. Naleta uzi huu nikiwa bado na uchungu. Mimi ndiye ninayeshika mahesabu ya biashara yetu ya familia. Kwa miaka miwili, kila jioni nilichomeka hard diski ya nje, programu ikanakili, ikaandika "imekamilika", nikafunga ofisi. Mwezi uliopita kompyuta kuu ikagoma kuwaka. Nikapeleka diski kwa fundi bila wasiwasi wowote. Folda zote zipo, majina yapo, tarehe ni za jana yake. Faili la mahesabu lenyewe: baiti 0, yaani tupu kabisa.

Kumbe programu ya mahesabu hulishikilia faili lake muda wote ikiwa wazi, na mimi sikuwahi kuifunga kabla ya kunakili. Nilikuwa nahifadhi ganda. Wiki tatu sasa tunaandika upya kutoka kwenye risiti. Wadaiwa ambao hatuna karatasi zao, hizo pesa ndiyo basi.

Mwenye kisa chake atueleze, hasa ile dakika aliyogundua.

FundiSeva:
Pole sana mkuu. Baiti 0 nimeikuta kwa wateja zaidi ya mmoja. Faili la mahesabu kama lako ni databesi, ghala la kumbukumbu za programu, na databesi hainakiliwi kama picha; ina amri yake ya kutoa nakala, tumia hiyo.

Na hata wenye wahandisi wengi yamewakuta. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao mtandaoni, alifuta folda ya databesi akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye ile inayohudumia wateja. Wakakimbilia bakapu za kila siku, hazipo: zana ya kunakili ilikuwa toleo tofauti na databesi, ikawa inashindwa kila siku, na barua pepe za kutoa tahadhari zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono kama masaa 6 kabla, tena kwa kazi nyingine kabisa. Waliyaeleza yote hadharani, na kwa hilo nawaheshimu mno.

DadaMapokezi:
Kwetu ilikuwa Jumatatu asubuhi. Nafungua orodha ya miadi, haifunguki. Natazama jina la faili, limeongezewa herufi za ajabu mwishoni. La pili hivyo hivyo, la tatu hivyo hivyo, na katikati ya folda kuna barua ya kudai fidia. Nikakumbuka tuna diski ya bakapu, nikainama chini ya meza nikaiona inawaka taa yake. Ilikuwa imechomekwa tangu siku iliyonunuliwa. Nayo imefungwa yote, kwa sababu kirusi kinafika popote kompyuta inapofika.

Tulipona nusu tu, kwa diski ya zamani ambayo mwenzetu alikuwa ameihamishia kwake. Sasa tuna diski mbili za kupokezana, na moja huwa haijaunganishwa na chochote.

Karani77:
Sisi kila kitu kiko kwenye wingu, yaani kwenye seva za kampuni huko mtandaoni, hayo ya diski tumeshayaacha.

MamaOfisi:
Kaka Karani, nami nilisema hivyo hivyo. Mfanyakazi alifuta folda ya mikataba akidhani anafuta ya kwake. Ikafutika kwa kila mtu, maana huduma ile ilikuwa inasawazisha: ukifuta hapa, inafuta na kule. Pipa la taka lilikuwa linatunza siku 30. Sisi tuliutafuta mkataba baada ya siku 40 hivi.

FundiSeva:
Dada kasema kweli. Na wingu nalo ni jengo mahali fulani. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud, kampuni ya huduma za wingu, kule Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja ambao bakapu zao zilikuwa hapo hapo. Karani, uliza nakala yako ya pili iko wapi.

Mhifadhi:
Langu fupi. Bakapu ilikuwa nzima, ipo jengo lingine, imefungwa kwa nenosiri. Nenosiri lilikuwa ndani ya seva iliyokufa. Siku nne tulizunguka nayo, mpaka mfanyakazi aliyeacha kazi alipolipata kwenye daftari lake. Liandikeni kwenye karatasi, ifungiwe kabatini, watu wawili wajue.

MtunzaVitabu:
Asanteni sana, ndugu zangu. Jana usiku nimefanya ambacho sikuwahi kukifanya: nimerejesha bakapu mpya kwenye kompyuta nyingine kabisa, isiyo na chochote. Imechukua saa 1 na dakika 40, na nusu ya muda huo nilikuwa natafuta namba ya leseni ya programu. Nimeibandika ndani ya boksi la diski. Nikafungua mahesabu, salio la mwisho likalingana na daftari. Jumamosi mdogo wangu ataifanya peke yake, mimi nikiwa sipo.