GPA 2.6 na nataka uzamili wa ukunga: nianzie wapi?

Mkunga wa Kaskazini

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Mimi ni muuguzi mkunga, nipo wodi ya wazazi katika hospitali moja ya kaskazini Pemba, na huu ni mwaka wa sita kazini. Shahada yangu ya uuguzi nimetoka na GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.6 katika 5. Kila tangazo la uzamili nnalolisoma linataka 2.7. La mwaka huu nimelisoma mpaka nimelihifadhi.

Naomba nieleze ilivyokuwa. Mwaka wa mwanzo chuoni baba yangu alipata kiharusi, na mimi ndiye mtoto mkubwa. Kila nikipata upenyo napanda meli ya usiku kuja Pemba, nakaa naye siku mbili, namgeuza, namlisha uji kwa kijiko, kisha narudi darasani na usingizi wangu. Mwaka ule nilipata sapu nne, yaani mitihani ya marudio baada ya kufeli: anatomia, fiziolojia, baiokemia na maikrobiolojia. Zote nilizifuta kwa kufaulu, sikukeri hata moja kwenda nayo mwaka wa pili. Lakini kwetu ukifaulu sapu unaandikiwa C tu, hata ukipata themanini. Baba alifariki nikiwa mwaka wa pili, Mungu amrehemu. Kuanzia mwaka wa tatu nina B nyingi, B+ chache, na A ya ukunga.

Juzi nilipotoka zamu nilikaa na transkripti, karatasi yangu ya matokeo, nikapiga hesabu. Nina krediti 480, yaani uzito wa masomo yote, na pointi 1,248. Somo la krediti 12 ukipata C ni pointi 24, ukipata B ni 36. Zile sapu nne zingekuwa B ningeongeza pointi 48, na 1,296 ukigawa kwa 480 ni 2.7 kamili. Nililia.

Kwa nini nautaka huu uzamili? Mwaka jana tulimpokea mama wa mimba ya saba. Alijifungua saa nane za usiku, kondo la nyuma likatoka zima, lakini kizazi kikagoma kukaza. Nilimchoma oksitosini uniti 10, nikamkanda tumbo, dripu inakwenda, na damu bado inakuja. Khanga ya pili ikaloa nikiwa nimeishika. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji na mama mwengine. Nikachukua kondomu, nikaifunga kwa uzi kwenye mpira wa mkojo, nikaiingiza kwenye kizazi na kuijaza maji ya dripu ili ibane damu. Nilipofika mililita 400 damu ikaanza kupungua. Daktari alipotoka alikuta mama anaomba maji ya kunywa. Yu hai, na mtoto wake anatambaa.

Ile kazi nilifundishwa na mkunga mmoja wa kigeni kwa siku moja tu. Wenzangu watatu wa zamu ile hawakuwahi kuiona. Nataka nisome mpaka niwe mtu wa kuamua na wa kufundisha, si wa kusubiri kuamuliwa.

Nina miaka 34 na watoto wawili. Kuna aliyeingia uzamili na GPA chini ya 2.7? Nirudie shahada? Nianze na stashahada ya uzamili? Naomba jibu la mtu aliyepita njia hii.

Muuguzi wa Mjini

Wa alaykum salaam dada. Usirudie shahada. Miaka minne mengine, ada mengine, na mwisho wake una shahada ile ile uliyonayo. Rafiki yangu mmoja alifanya hivyo hapa Unguja, sasa hivi yuko pale pale alipokuwa, na wa nyuma yake wameshampita. Hesabu yako ni nzuri lakini usiende nayo ofisini kudai pointi. Matokeo yameshapitishwa na seneti, hayafunguliwi.

Jambo jengine: kabla ya yote zungumza na mwajiri. Sisi wa serikali bila ya ruhusa ya masomo kwa maandishi unaweza kupata nafasi ukashindwa kwenda. Mimi iliwahi kunikuta.

Mwalimu Mkunga

Mwanangu, nimeisoma habari yako mara mbili. Mimi nilitoka na 2.5. Leo nafundisha wakunga na uzamili ninao, kwa hiyo nakwambia nililolipitia mwenyewe.

Kwanza ujue ulipo. Kwa mizani yetu ya 5, kuanzia 2.0 hadi 2.6 ni daraja la Pass, na 2.7 ndipo linapoanza daraja la pili la chini. Ndiyo maana mstari umewekwa pale. Lakini usiishie kwenye tangazo, kwa sababu tangazo ni ukurasa mmoja. Omba kitabu cha kanuni za udahili cha chuo chenyewe. Chuo nilichosoma mimi kilikuwa na kifungu: mwenye Pass isiyopungua 2.5 anaweza kufikiriwa akionesha uwezo kwa utafiti, kwa kazi aliyoifanya, au kwa mafunzo mengine aliyoyafaulu baada ya shahada. Kila chuo kina chake, kwa hiyo uliza kwa barua na ujibiwe kwa barua. Muhimbili wana uzamili wa ukunga na afya ya wanawake, na ule wa uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Anza kuuliza huko.

Mimi nilikwenda kwa njia mbili pamoja. Nilisoma stashahada ya uzamili mwaka mmoja nikapata B+ na A, ili mtu akiangalia karatasi za karibuni aone mwanafunzi mwengine kabisa. Na nilifanya utafiti mdogo wodini kwangu. Nilichukua majalada 120 ya waliojifungua, nikaangalia patografu moja moja, ile chati ya kufuatilia uchungu: nani kavuka mstari wa hatua, unaoonesha uchungu umechelewa na lazima kuchukuliwe hatua, na alifanyiwa nini baada ya kuvuka. Mengi mstari umevukwa na hakuna kilichoandikwa. Niliyasoma matokeo kwenye kikao cha asubuhi, watu wakanikasirikia kwa wiki nzima, halafu patografu zikaanza kujazwa. Karatasi ile ndiyo iliyonipeleka kwenye usaili. Ukitaka kufanya kama hivyo, usiguse jalada hata moja kabla ya kupata kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar. Utafiti usio na kibali utakuharibia.

Kwenye usaili hakuna aliyeniuliza habari za baiokemia. Waliniuliza: mama ana kifafa cha mimba, umeshampa magnesiamu, kabla ya dozi inayofuata unaangalia nini? Nikasema pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liruke nikiligonga, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Mzee mmoja akaniuliza, "Na goti lisiporuka?" Nikamjibu dozi naizuia, na kalisiamu glukoneti, dawa ya kuvunja nguvu za magnesiamu ikizidi, naiweka karibu. Akafunga faili.

Barua yako ya maombi iwe ukurasa mmoja. Habari ya baba iwe sentensi mbili: aliugua mwaka fulani, ulipata sapu nne, ulizifuta zote. Usiwaombe huruma. Ule usiku wa saa nane uandike kwa urefu, kwa mililita na kwa dakika, kama ulivyotuandikia sisi.

Niko Minnesota

Salaam kutoka Marekani, mimi asili yangu Wete. Naongeza la huku, maana wengi huniuliza. Muuguzi bingwa wa huku, anayempima mgonjwa na kumwandikia dawa mwenyewe, alianzia Colorado mwaka 1965, na siku hizi lazima awe na uzamili au zaidi. Vyuo vingi vinataka GPA 3.0, lakini mizani ya huku ni ya 4, kwa hiyo usiilinganishe na 2.6 yako moja kwa moja. Karatasi zako zitapelekwa kwanza kwa watathmini wazigeuze. Na kabla ya uzamili lazima uwe na leseni ya uuguzi ya huku, yaani ufaulu mtihani wa NCLEX. Baadhi ya vyuo huangalia zaidi krediti 60 za mwisho, na hapo dada yangu ungekaa vizuri. Lakini ni safari ya miaka na pesa nyingi. Kwa mwenye watoto wawili Pemba, mimi ningeanza na njia ya mwalimu.

Mkunga wa Kaskazini

Shikamoo mwalimu. Nimekusoma nikiwa wodini, nikaenda chumba cha dawa nikakaa kidogo. Sikujua kuna mtu aliyetoka na 2.5 akafika hapo ulipo.

Nimeamua. Jumatatu naandika barua kwa vyuo viwili kuomba kanuni zao, na nawasilisha ombi la ruhusa ya masomo kwa mwajiri. Utafiti nataka uwe wa akina mama waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, tuwatazame tangu dakika damu ilipoanza mpaka alipopata msaada. Rejista zipo, na kibali nitaanza kukiomba mwezi huu.

Ninalo swali moja. Daktari aliyekuwa chumba cha upasuaji usiku ule amehamishiwa Unguja. Si msimamizi wangu tena. Anafaa kuniandikia barua ya kunipendekeza chuoni?

Mwalimu Mkunga

Marahaba mwanangu. Anafaa kuliko msimamizi wako wa sasa, kwa sababu alitoka chumba cha upasuaji akamkuta mgonjwa yu hai. Mpigie simu wiki hii, usimwandikie ujumbe. Mwombe ataje tarehe, saa, na alichokikuta kitandani.