Naomba ushauri: hadithi za mtandaoni kwa Darasa la Pili lenye kishikwambi kimoja

Mwalimu wa Sikonge

Walimu wenzangu, habari za kazi. Ninafundisha Darasa la Pili katika shule moja ya wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora, na mwaka huu nina wanafunzi 87. Vitabu vya kiada vipo, ila kitabu kimoja husomwa na watoto wanne au watano, na hadithi zake wamekwisha kuzikariri kiasi kwamba mtoto anaweza "kusoma" ukurasa mzima huku macho yake yakiwa dirishani. Ndiyo maana nimeanza kutafuta hadithi za mtandaoni. Kishikwambi nilicho nacho ni miongoni mwa vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 kisha wakapewa walimu. Bando ninanunua mwenyewe, na mtandao hushika vizuri nikisimama chini ya mwembe ulio nyuma ya ofisi.

Nimepakua hadithi kadhaa za Kiswahili kutoka African Storybook na StoryWeaver, tovuti zinazotoa hadithi za watoto bure, nikachagua zile za ngazi ya chini kabisa, lakini watoto walikwama vibaya, hata wale ninaowategemea. Je, ninakosea katika kuchagua au katika namna ya kuzitumia? Na kifaa kimoja kitawafaaje watoto 87?

Mwl. Kasulu

Mwalimu mwenzangu, pole na hongera. Lililokupata lilinipata mimi pia hapa Kasulu, nikadhani watoto wangu ni wazito. Kumbe tatizo lilikuwa kwenye ngazi zenyewe. Hadithi nyingi kule ni tafsiri, na mara nyingi tafsiri hurithi ngazi ya hadithi ya awali. Sasa fikiria neno "hawakumwambia": kwa Kiingereza hayo ni maneno matano mafupi, ambayo mtoto huyachukua moja moja akipumua katikati, lakini kwetu ni neno moja lenye silabi sita, na ndani yake mna "mwa" na "mbi" zilizofuatana. Sentensi yenye maneno matatu inaweza kuonekana nyepesi kwa aliyepanga ngazi, ikawa mlima kwa mtoto aliyemaliza juzi kuunganisha "ba, be, bi, bo, bu".

Kwa hiyo mimi siangalii tena ngazi iliyoandikwa. Ninaisoma hadithi kwa sauti nikiwa na kalamu mkononi, nahesabu silabi za maneno marefu, na natazama kama ina miambatano ya herufi ambayo sijaifundisha, hasa "mbw", "nyw" na "ng'". Hadithi ikiwa nzuri lakini nzito, naiandika upya. Leseni ya Creative Commons iliyotajwa kwenye hadithi hizo ndiyo inayotoa ruhusa ya kunakili, na nyingi huruhusu pia kubadili, mradi umtaje mtunzi. Isome kwanza, kwa maana baadhi hukataza biashara. Kwa mfano, palipoandikwa "Juma alimkimbilia bibi yake" niliweka "Juma aliona bibi. Juma alikimbia." Utamu umepungua kidogo, nakubali, lakini mtoto aliyekuwa akiishia "alim… alim…" alifika mwisho wa ukurasa, akarudi mwanzo bila kuambiwa.

Kuhusu wingi wa watoto, kishikwambi chako kifanye kuwa kabati la vitabu, wala kisiwe ubao. Hadithi moja kwa wiki naihamishia kwenye karatasi ya manila kwa maandishi makubwa, darasa zima linasoma, kisha kishikwambi kinazunguka kwenye kikundi kimoja tu kwa siku, watoto sita au saba, wakitazama picha na kusoma kwa zamu huku wengine wakiandika.

Mstaafu wa Urambo

Wanangu, mimi nimeacha chaki lakini masikio bado yapo. Naongeza jambo moja, nalo ni hizi hadithi zenye sauti ya msomaji. Zina faida, kwa kuwa mtoto asiyesikia Kiswahili nyumbani hupata mwendo wa lugha. Lakini kuzisikiliza si kusoma. Nimemwona mjukuu wangu akifuata sauti hadi mwisho, na nilipozima sauti hakuweza kunionyesha neno "mbuzi" lilipo. Mwacheni mtoto asome kwanza mwenyewe, sauti ije baadaye kumsahihisha.

Tena huku kwetu Unyamwezini, mtoto akiona "karamu" akatamka "kalamu", msikimbilie kuandika kwamba hajui kusoma. Muulizeni watu walikula nini hapo. Akijibu wali na nyama, amesoma. Ulimi ndio uliobaki nyumbani. Akijibu kwamba hapo mtu anaandika, hapo ndipo mrudi kwenye herufi.

Fundi wa Ujiji

Mimi si mwalimu, ninahudumia kompyuta za shule chache hapa Kigoma. Hiyo safari ya kwenda chini ya mwembe unaweza kuipunguza. Ipo programu ya bure iitwayo Kolibri, ambayo huwekwa kwenye kompyuta mpakato. Masomo na vitabu hupakuliwa mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha simu na vishikwambi vilivyo karibu huvisoma kwa Wi-Fi ya hapo hapo bila bando. Kama shule haina kompyuta, pakua hadithi kama faili za PDF, uziweke kwenye memori kadi.

Wengine watakutajia Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kujifunzia lililofanyika Tanga, ambako watoto wa vijiji vipatavyo 170 walijifunza kusoma Kiswahili kwa vishikwambi kwa miezi 15, na mwaka 2019 timu mbili, onebillion na Kitkit School, zikagawana zawadi. Ni kweli, na programu zile zilitolewa huria. Lakini kule kila mtoto alikuwa na kifaa chake na vijiji vilikuwa na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua. Usijipime kwa kipimo hicho ukiwa na kifaa kimoja.

Mwalimu wa Sikonge

Nawashukuru wote, Mzee wa Urambo, shikamoo. Jana jioni nilizipitia upya hadithi nane nilizopakua, nikihesabu silabi kama alivyoelekeza Mwl. Kasulu, na ni mbili tu zilizofaa bila kuguswa. Moja ilikuwa na neno "hawakumsikiliza" kwenye ukurasa wa kwanza kabisa! Nimeanza kuiandika upya ile ya tatu, na manila nimeshanunua. Swali dogo kwa Mwl. Kasulu: picha za hadithi unazihamishaje kwenye karatasi? Mimi kuchora siwezi, na jana mbuzi wangu watoto walimwita mbwa.

Mwl. Kasulu

Usichore, Mwalimu. Wape wao wachore baada ya kusoma. Atakayechora mbuzi palipoandikwa mbuzi, umeshampima.